Bibi Yangu, Mchezaji wa 1953

Jumatatu, 7 Septemba
Mchumba kasema mama yake bado hajaniafiki. Mama ana mtu wake anayemtaka awe mkwe: fundi umeme, jirani yao. Kijana mtulivu. Sina chuki naye, ila utulivu ule una jambo. Nimedokezwa kwamba Mama zamani alicheza mpira wa kikapu, wakamwita Mnara, na siku hizi habanduki kwenye runinga: Kombe la Dunia la Wanawake la mchezo huo. Basi nitakuwa mtaalamu. Mpango safi!

Jumanne, 8 Septemba
Nimesoma gazeti dukani kwangu. Mashindano yalianza 1953. Sasa timu kumi na sita, makundi manne. Anayeongoza kundi huingia robo fainali moja kwa moja. Nilipofika kwa wa pili na wa tatu, akaja mteja wa misumari. Karatasi ya kufungia hakuna. Nikachana ukurasa ule wa gazeti. Yaliyobaki nitakisia.

Jumatano, 9 Septemba
Kwa kina mchumba. Timu ya Mama imemaliza ya tatu kwenye kundi. Nikampa mkono, nikasema poleni, ndiyo mwisho wa safari. Nikazima runinga. Fundi umeme akaiwasha. Akaeleza taratibu kwamba wa pili na wa tatu hupewa mechi nyingine ya kugombea robo fainali. Wa nne ndiye hufunga virago. Mama akaniomba nisogee, namziba.

Ijumaa, 11 Septemba
Kuteleza si kuanguka. Nimemwambia Mama kwamba marehemu bibi yangu alicheza mashindano yale ya kwanza kabisa. Akakaa wima. Ndiyo mara ya kwanza kunitazama usoni.
"Alicheza nafasi gani, baba?"
"Kipa, Mama."
Fundi umeme akaikagua taa ya dari. Mchumba akakimbilia jikoni. Kisha Mama akacheka mpaka akashika mbavu.

Jumamosi, 12 Septemba
Siamini! Mama ameridhia! Kamwambia mchumba kwamba fundi ni mwema, lakini kukaa naye ni kama kukaa na friji. Mimi mwongo nisiyejua kudanganya, angalau nyumba haitakosa kicheko. Sharti moja tu: kesho kwenye fainali nisitie neno.

Maskini Mama, anaogopa kufunikwa na utaalamu wangu. Lakini siwezi kumwacha gizani. Timu zote mbili nimezipima, nguvu sawa. Nitamtahadharisha mapema, kwa upole, asije akapata presha: mechi itaisha sare, halafu penalti.