Kipanya Kilichokataa Kutembea

Gharibu hakuwa fundi. Alikuwa na mkoba wa fundi tu, na mwaka ule wa tisini na nane, kompyuta zilipoanza kuteremka Kibiti, mkoba ulitosha. Alikuwa kituo cha mabasi anakunywa chai aliposikia kwamba Bi Shufaa wa duka la kupiga chapa ameletewa kompyuta kutoka Dar, na kipanya chake hakiingii popote. Akaiacha chapati nusu. Mtu akiacha chapati ya moto, ujue ana jambo.

Alimkuta mama wa watu ameigeuza mashine kisogo. Waya wa kipanya uliishia kwa kichwa cha mviringo. Nyuma ya mashine pana tundu bapa lenye visindano tisa, basi. Kadi za harusi ya binti wa Mwinyimvua zilitakiwa kesho. Zingekosekana, wateja wangehamia Ikwiriri.

"Wewe Mndengereko, mashine umeiba wapi?" Gharibu alipiga hodi kwa tusi. "Mie Mmatumbi, mtani wako."

Bi Shufaa akacheka, akamsogezea kigoda. Umatumbi huo Gharibu aliuokota njiani, kwao Tanga. Uzuri wa utani, mtu hakuulizi cheti.

Aliizima mashine taratibu, kama anayemfumba maiti macho. Akatoa adapta: huku tundu la mviringo, huku vitundu tisa. Ikaingia barabara.

"Nikupe nini, mtani?"

"Fedha yako siitaki. Nipe hiyo taipureta kuukuu, inakuzibia nafasi tu."

Taipureta hiyo ndiyo iliyosomesha watoto wanne wa Bi Shufaa. Gharibu tayari alikuwa na mtu wa kumuuzia, akingoja Mbagala.

Mashine ikawashwa. Kishale kikasimama katikati ya kioo. Gharibu alijua: adapta hubadili mdomo, haibadili lugha, na kipanya kile hakikuumbwa kusema na tundu lile.

"Mbona hakitembei?"

"Kigeni hicho. Kiache kizoee mpaka alasiri." Taipureta ilikwishafika begani.

Majirani waliokuja kuishangaa kompyuta walijaa mlangoni. Bi Shufaa akauokota mkoba, akaumwaga mezani. Nyaya, adapta, na kipanya kingine chenye kichwa kipana, ambacho Gharibu hakukitaja. Akavihesabu vitundu vyake kwa ncha ya sindano: tisa.

"Nimekuteka, mtani. Mkoba wangu, na vilivyomo vyangu. Hiyo taipureta nayo nimekunyang'anya, iweke chini polepole."

Mtani akikuchukulia chako, unacheka. Anayenuna si mtani. Semeni muuza samaki, Mmatumbi wa kweli, akasogea karibu.

"Ndugu yangu, kwetu huko umetoka kijiji gani?"

Gharibu akaiteremsha taipureta, akaanza kucheka.

Bi Shufaa akazima mashine kama alivyomwona akizima, akachomoa adapta, akachomeka kipanya kipya, akawasha. Kishale kikazunguka kioo kizima. Gharibu bado alikuwa anacheka, maana hakuna aliyempa ruhusa ya kunyamaza.