Sahihi ya Kumi na Moja

Jumatatu, 10 Juni

Tangazo limebandikwa kwenye mlango wa lifti. Ijumaa saa nane tunamuaga Mama Ibara. Miaka 34 ya kuzisaidia nchi kurekebisha sheria zao, nchi 27. Jina hilo tulimpa kwa sababu hawezi kuagiza hata chai bila kuigawa katika ibara ndogo. Wazungumzaji wanane, dakika tano kila mmoja. Nimesoma mara tatu. Mimi simo.

Aliyepanga ni afisa itifaki, ambaye akigeuka tu tunamwita Bwana Ratiba. Amenipa kiti karibu na spika, niangalie waya usimkwaze mgeni. Mimi! Mtunza kumbukumbu wa ofisi hii, mafaili 11,460 chini ya ufunguo wangu! Niliingia hapa nikibeba maboksi. Sikusoma sheria, nilizibeba. Miaka 19 ninamtolea Mama Ibara mafaili, na hakuna nchi kati ya zile 27 ambayo haijapita begani kwangu.

Hesabu. Lifti haifiki kwangu. Yeye hushuka ngazi 22 mara nne kwa wiki. Wiki 46 za kazi kwa mwaka, miaka 19: mara 3,496. Wengine wote walioshuka tangu Januari ni tisa. Sita kati yao walikuwa wanatafuta choo.

Lakini silaha ninayo. Anayestaafu hapewi barua yake ya utumishi mpaka fomu ya kuondoka iwe na sahihi kumi na mbili, kuthibitisha kwamba hana kitu cha ofisi. Ya kumi na moja ni yangu. Nimefungua daftari la kuazima. Amerudisha kila kitu, mpaka karatasi ya mwisho. Mtu gani huyu?

Saa kumi nimepata. Miaka 17 nyuma, rasimu ya Sheria ya Mirathi, kurasa 212. Safu ya kurudisha iko tupu. Nilisahau kuisaini siku ile. Faili lenyewe liko rafu ya 14, nililipangusa vumbi wiki jana. Lakini safu tupu ni safu tupu.

Jumanne, 11 Juni

Ameshuka saa nne na robo. Nikamweleza, kwa huzuni ya kiofisi, kwamba siwezi kusaini. Akasema, mdogo wangu, mbona nililirudisha. Nikasema, dada, daftari halisemi hivyo.

Hakubisha. Alivuta stuli yake, akakaa, akaanza kunisimulia habari za lile faili. Wajane walioitwa kwenye kikao cha kamati walikaa nyuma ya ukumbi siku tatu bila kuulizwa neno. Siku ya nne aliingia mapema akaihamisha meza ya kamati, ikawa nyuma, na wao wakawa mbele. Waziri akakosa pa kutazama ila kwao. Ibara ya 9 ilitoka vinywani mwao, neno kwa neno. Dakika 40 alizungumza. Faili nimekaa nalo miaka 17 na sikujua.

Kesho ataleta maboksi yaliyoko nyumbani kwake, tutafute pamoja. Nimemwambia asiwe na haraka. Mpango unakwenda vizuri kuliko nilivyotarajia.

Jumatano, 12 Juni

Amekuja mara mbili, kila mara na boksi lake. Sikumsaidia kubeba. Mkaguzi habebi vielelezo vya anayekaguliwa.

Tumepekua karatasi moja moja. Kulikuwa na picha ya wafanyakazi wote, ya mwaka wangu wa kwanza. Pembeni kabisa unatokeza mkono mmoja na boksi. Akasema, huo mkono ni wako. Nikamuuliza amejuaje. Akasema, nani mwingine hapa anabeba boksi kama mtoto aliyelala?

Mchana akashuka Bwana Ratiba, wa kumi tangu Januari. Fomu inatakiwa kwa mkurugenzi kesho saa sita. Nikamjibu kwamba utaratibu ni utaratibu. Akasema, utaratibu gani, wewe mzee wa maboksi? Mama Ibara hakuinua hata macho. Akamwambia aende zake, sisi tuko kikaoni.

Kikaoni. Nimeliandika mara ya pili ili nilione.

Jioni binti yangu alipiga simu kutoka huko aliko. Nikamweleza mpango. Akasema, baba, si umwambie tu kwamba utamkumbuka? Watoto hawajui mambo ya utawala.

Alhamisi, 13 Juni

Nimeleta chupa ya chai na vikombe viwili. Saa nne ikapita. Saa tano ikapita. Saa saba nikapanda juu na balbu mkononi, ili nionekane nina shughuli. Chumba chake kitupu, hata misumari ya ukutani imeng'olewa. Wa mapokezi akasema goti la Mama Ibara limevimba, ameambiwa alale.

Ngazi 22, kushuka na kupanda, safari tatu. Jumla 132. 44 kati ya hizo akiwa na boksi.

Nilikaa kwenye stuli yake kwa muda. Kisha nikalitoa faili rafu ya 14, nikasaini ile safu, nikapanda mbio kwa mkurugenzi kusema limepatikana. Bwana Ratiba akanizuia mlangoni. Hapana haja. Mkurugenzi amefuta mstari wa kumi na moja tangu jana jioni. Fomu mpya imeshachapishwa, sahihi kumi na moja, kwa watumishi wote, kuanzia sasa. Kumbukumbu hazimo.

Nikauliza ilichukua muda gani kunifuta. Akasema, dakika nne, na mbili kati ya hizo printa ilikuwa inapata moto.

Ijumaa, 14 Juni

Amekuja na fimbo. Wazungumzaji wanane wametumia dakika 71 badala ya 40. Nchi 27 zimekuwa 30 kwa wa kwanza, 35 kwa wa tatu, na 40 kwa Bwana Ratiba, ambaye hakuwa hata kwenye orodha yake mwenyewe. Hakuna aliyetaja wajane. Hakuna aliyetaja ibara yoyote. Nilishika waya.

Mama Ibara alijibu kwa dakika moja na nusu. Akashukuru, akasahihisha idadi ya nchi, akapokea barua yake, akakaa.

Watu walipokimbilia keki akanifuata penye spika. Nikaanza kumweleza kwamba faili limeonekana, bahati tu, katika kupangusa.

"Rafu ya kumi na nne," akasema. "Nililiona Jumanne, nimekaa palepale."

Nikamuuliza, sasa maboksi yote yale yalikuwa ya nini, dada, na goti hilo?

"Wewe ungeniacha nikae huko chini siku nzima bila boksi?"

Nikashughulika na waya. Akasema hata yeye huko nyumbani hana wa kumsimulia. Nyumba yake iko kituo cha tatu cha basi, geti la kijani, Jumamosi zote yupo, nije. Nikauliza nije kwa ajili ya nini. Akasema, kwa ajili ya kuja.

Mwaliko usio na ajenda. Sijawahi kuuona.

Jumatatu, 17 Juni

Juzi nilikwenda. Geti la kijani nililifikia saa tano na dakika tano. Nikalipita. Saa tano na ishirini nikarudi, nikalipita tena. Saa sita kasorobo nilichungulia. Barazani viti viwili, amekaa kimoja, mguu ameuweka juu ya boksi. Sidhani aliniona. Ningeingia nikasema nini? Mtu haendi kwa watu mikono mitupu bila hata barua. Nikapanda basi.

Leo ameshuka mtu mmoja. Choo.

Lakini ufumbuzi nimeupata, na ni mzuri ajabu. Nimemwazima Mama Ibara faili. Hajaomba, ila hilo ni jambo dogo. Tarishi amelipeleka asubuhi hii: kumbukumbu za vikao, jalada la kwanza kati ya 38. Na tangu saa tano leo ipo kanuni mpya ya masjala, ibara nne, nimeitunga mwenyewe. Faili lililoazimwa nje ya ofisi litakaguliwa na mtunza kumbukumbu, yeye binafsi, mahali lilipo, kila Jumamosi. Ukaguzi ukiisha, jalada linalofuata linapelekwa.

Majalada 38, Jumamosi 38. Viambatisho bado sijavihesabu.