Fomu ya Kurejeshwa Nyumbani

Ilitangazwa rasmi mjini Machakos, kwa vipaza sauti na turubai mbili, kwamba hakuna raia atakayelala mtaroni tena kwa sababu ya pombe. Idara mpya ya Urejeshaji Salama wa Wanywaji ilikuwa imefika. Kila mnywaji angejaza fomu kabla ya funda la kwanza. Akimaliza, angepuliza kipimo. Kikilia, gari la Idara lingempeleka nyumbani bure, na jamaa yake angetia sahihi ya kumpokea. Mpango huu haujafika hata Ulaya, alisema Mkurugenzi Urbanus Masila, ambaye Ulaya pia hajafika.

Fomu aliitunga mwenyewe, wiki tatu, mlango umefungwa. Aliyeisoma kwanza ni Katunge, dereva wa Idara, mama wa makamo aliyewahi kuendesha malori ya mchanga.

"Bosi, hapa umeandika 'Nyumbani ni wapi?' Watu wataandika kwao. Weka 'Unalala wapi?'"

"Madam Katunge," alisema Urbanus kwa upole wa mtu mwenye digrii, "serikali haiwezi kumuuliza raia analala wapi. Kiswahili sanifu ni nyumbani."

"Haya. Lakini mimi ukiniuliza nyumbani, nakwambia Mwala. Hapa Mumbuni niko na nyumba tu."

Hakusikizwa. Sasa, Mkamba ukimuuliza nyumbani hakutajii chumba alichopanga. Anakutajia alikozikwa babu yake. Basi Wathome, muuza simu aliyepanga nyuma ya baa yenyewe, hatua arobaini kwa mguu, alipandishwa gari akashushwa Kalama, akaamka katikati ya mbuzi wa baba yake akiulizwa ameleta nini. Lavender, karani wa kiwanda karibu na Kyumbi, aliandika Siaya, kwao kando ya Ziwa Victoria. Gari lilipotea siku mbili, likarudi linanuka samaki, na ripoti ikasema mrejeshwa amefika salama.

Urbanus alikuwa ameshaandika barua ya kuomba radhi pale takwimu zilipomwokoa. Ulevi ulikuwa umepungua kwa nusu. Watu hawakuogopa sheria, waliogopa mama zao. Mkurugenzi akachana barua, akaita wanahabari, akaeleza kwamba neno "nyumbani" lilichaguliwa baada ya utafiti wa kina.

Lakini naye alikuwa na mama. Syokau alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa kule Muthetheni, na kwa miaka kumi alikuwa akisimama mbele ya waumini kushuhudia kwamba mwanawe ana kazi kubwa mjini na hajawahi kuonja. Urbanus alikuwa ameonja. Alionja ofisini, kwenye kikombe cha chai, karibu kila siku. Na kwa kuwa mama ana pua, aliona dawa ni kutofika. Mwaka wa pili sasa alikuwa akimwambia kwa simu kwamba kazi ya serikali haina likizo. Hakuogopa mkaguzi wala bunge. Aliogopa kwamba mama yake angemwona amelewa.

Idara ilipotimiza miezi sita, kulikuwa na chakula cha mchana. Kaluvu, pombe ya asali, iliandaliwa kwa minajili ya utamaduni, na Mkurugenzi akajaza fomu kama kila mnywaji, akaonja utamaduni mara nne. Mpiga picha mmoja akamwomba awaonyeshe wananchi jinsi ya kupuliza. Kukataa mbele ya kamera kungezua maswali. Alipuliza, na kipimo kikalia hadi wapishi wakatoka jikoni.

Katunge alifungua mlango wa gari.

"Nipeleke Katoloni," Urbanus alinong'ona. "Kwangu."

"Fomu yako inasema Muthetheni, bosi."

"Mimi ndiye mkurugenzi!"

"Kanuni ya nne: baada ya kulia kipimo, maneno ya mnywaji hayahesabiwi. Uliandika wewe mwenyewe. Funga mkanda."

Walifika saa kumi na moja jioni. Akina mama kumi na wawili wa kanisa walikuwa uani kwa Syokau wakichambua ndengu.

"Hodi, mwaitu. Niko na mtu wako," alisema Katunge, akimwita mama kwa Kikamba. "Weka sahihi hapa."

"Mama, hili lilikuwa zoezi la maonyesho," Urbanus alianza, akayumba, akashika nguzo. Akina mama wote kumi na wawili wakamgeukia. "Nimekunywa, mama."

"Hiyo nilijua. Kila Jumamosi ukinipigia unalilia ng'ombe mwenye alikufa zamani."

"Na kule kanisani?"

"Nilikuwa nasema hivyo ndio Mungu aone haya, akurekebishe." Alimgeuza huku na huku kama anayekagua kuku sokoni. Macho yake yalikuwa yamelowa. "Aiya! Umekonda."

Kisha akamgeukia Katunge. "Huyu mtaniletea tena lini?"

"Akilewa tena, mwaitu."

"Na akiacha kulewa?"

"Hapo hatuna fomu."

Syokau alifikiri. Miaka thelathini alikuwa amehubiri dhidi ya pombe, na leo pombe ndiyo iliyomletea mtoto. "Hapa kwa maoni ya mpokeaji, naandika nini?"

"Chochote. Bosi alisema maoni ya mpokeaji ni amri, hayapingwi."

Akaandika polepole, kwa herufi kubwa: BADO HAJAPONA. ALETWE KILA JUMAMOSI MPAKA NISEME. Akatia sahihi. Wale kumi na wawili wakaweka ungo chini, wakamuuliza Katunge kama ako na fomu zingine. Kadhaa kati yao walikuwa na wana wenye vyeo.

Jumamosi iliyofuata, saa mbili asubuhi, Urbanus alifungua mlango wake Katoloni akiwa mkavu kabisa, hajaonja hata tone. Akadai kipimo, akapuliza kwa nguvu zote. Kikanyamaza.

"Hongera, bosi," Katunge alisema. "Ingia gari."

Ndani walikuwa wamekaa wakuu watatu, wakavu kama yeye, kila mmoja na mkate na sukari magotini. Mkuu wa Urbanus mwenyewe alijisogeza kumpa nafasi.

"Ingia haraka, Masila. Mama yangu amesema nikichelewa ananiongezea miezi sita."