Maji ya Friji Aliyokunywa Shangazi

Deo na Kulwa, leo nimeadhirika. Nimeadhirika sebuleni kwangu, mchana kweupe, nikiwa nimevaa shati la kupiga pasi. Nawaandikia mambo yakiwa bado ya moto, kabla hamjayasikia huko Mwadui yakiwa yameongezwa chumvi.

Habari ya Kabula mnaijua. Washenga walishakwenda, kwao wakasema sawa, ila kwanza shangazi yake aje aone ninavyoishi. Huyu shangazi, Mama Shija, amekuwa nesi Geita maisha yake yote mpaka juzi alipostaafu. Asipokubali yeye, baba mtu hathubutu kukubali. Kabula amenionya wiki nzima: "Hataangalia kochi wala redio. Ataomba maji ya kunywa. Akiyakuta machafu, basi tena."

Maji! Hapa Shinyanga! (Bora angeomba nyama ya twiga.)

Lakini si nina friji? Lile kubwa nililoachiwa na tajiri wangu alipohamia Mwanza, lenye kibomba mlangoni, unasukuma glasi maji baridi yanatoka. Ninyi wenyewe Pasaka mlikisukuma mpaka mkapata mafua. Shida ni kwamba siku hizi maji yalikuwa yanadondoka tone moja moja, tena yana harufu ya tope. Chujio lilikuwa limeziba. Tajiri aliniachia jingine jipya ndani ya boksi, na mimi sikuwahi hata kulifungua. Leo nikasema leo ndiyo leo.

Shangazi alitarajiwa saa nane. Saa tatu asubuhi nilikuwa nimeshalivuta friji kutoka ukutani (nimeipata ile spana niliyomsingizia Kulwa, naomba radhi). Nikafunga koki, nikafungua mpira wa maji kwa nyuma, nikarushiwa maji usoni, nikalitoa chujio la zamani. Rangi yake sitaki kuisema. Nilikaa chini kidogo nikiwaza yote niliyokunywa.

Jipya likaingia vizuri tu. Halafu nikasoma karatasi yake, Kiingereza kitupu: kabla ya kunywa, mwaga lita ishirini za kwanza.

Nikasoma tena. Mwaga. Lita ishirini. Ndoo nzima!

Jamani, mimi mama yangu alinichapa nikiwa darasa la pili kwa kumwaga maji ya kunawia uso, eti mbuzi hajanywa. Mpaka leo naoga nikiwa nimesimama ndani ya beseni ili maji yale nidekie. Leo nimwage ndoo nzima ya maji ya bomba? Aliyeandika karatasi ile hajawahi kuishi Shinyanga.

Nikaamua kukinga. Glasi ya kwanza ilitoka nyeusi kama kahawa! Moyo ukanipasuka. Nikarudi kwenye karatasi: kumbe ndani ya chujio kuna mkaa, na ungaunga wake ndio unaotoka kwanza. Nikaendelea kukinga na kumimina, ya pili, ya tatu, ya kumi, mpaka hesabu ikanipotea. Ndoo ilipojaa, maji yalikuwa yameanza kung'aa. Nikacheka peke yangu. Nikaweka glasi nikinge sasa ya mgeni.

Kibomba kikakohoa mara mbili. Kikanyamaza.

Nikakimbilia bomba la uani. Linatoa hewa tu. Maji yamekatika! Na pipa langu la akiba nilikuwa nimelimaliza alfajiri kudeki nyumba nzima ili Shangazi aone usafi (akili nyingi). Nikakimbia na jagi kwa jirani, Mama Rehema. Akanitazama kwa mshangao.

"Maji? Baba wee, mimi ndiyo nilikuwa nakuja kwako. Wewe si ndiye mwenye friji?"

Nikarudi. Jasho linanitoka, shati la pasi limeshaanza kulowa. Nikaitazama ile ndoo. Mkaa ulikuwa umezama chini, juu maji yametulia, unaona mpaka chini. Ninyi na mimi tumekulia maji ya lambo. Unayaacha yatulie, unachota ya juu taratibu, unakunywa, hufi. Nikachota ya juu kwa kikombe, taratibu kama mwizi, mpaka jagi likajaa. Nikaonja glasi nzima. Baridi, hayana harufu, matamu. (Sikujitazama kwenye kioo. Kumbukeni hilo.)

Saa saba, saa nzima kabla ya wakati, hodi! Kabula na Shangazi.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, baba."

Akakaa. Akatazama dari. Akatazama sakafu. Akatazama kucha zangu, mimi nikazificha mgongoni. Hata habari za safari hakutaka.

"Baba, naomba maji ya kunywa."

Nikampa kwa mikono miwili. "Wabeja," akashukuru, akainua glasi kwenye mwanga wa dirisha. Nilimwomba Mungu kwa majina yote ninayoyajua. Akanywa. Akamaliza.

"Mazuri. Ongeza."

Akanywa ya pili. Akanywa na ya tatu, ile ya chini kabisa ya jagi! Kabula akanikonyeza. Mimi nikajiona nimeshaoa. Kiherehere kikanipanda.

"Chujio nimebadilisha mwenyewe leo, Shangazi. Bila fundi."

Shangazi akafurahi, akatabasamu.

Mungu wangu! Kila jino limechorewa mpaka wake kwa penseli nyeusi. Ninyi mngefanyaje? Mtu unamwambiaje shangazi wa mchumba wako kwamba meno yake ni machafu, tena kwa maji yako? Nikamgeukia Kabula, nikajaribu kucheka. Kabula akanitolea macho.

"Na wewe umekula nini?"

Hapo Shangazi akatoa leso yake, nyeupe ya kinesi, akafuta mdomo. Akaitazama. Akausugua ule weusi kwa vidole viwili, akanusa.

"Baba."

"Naam, Shangazi."

"Hospitali, mtu akinywa sumu tulikuwa tunamnywesha mkaa. Mimi leo nimekunywa sumu gani?"

Kabula akaziba mdomo kwa kanga, mabega yanamtikisika. Mimi nilitamani sakafu inimeze. Shangazi akainuka, akaenda jikoni mwenyewe, sisi nyuma. Akaikuta ndoo, na karatasi iko pembeni yake. Akaisoma (Kiingereza anakijua kuliko mimi).

"Imeandikwa mwaga."

"Ndiyo, Shangazi."

"Hukuelewa?"

"Nilielewa."

"Sasa?"

Nilitafuta uongo nikaukosa. "Nilishindwa, Shangazi. Ndoo nzima! Mkono ulikataa."

Akaitazama ndoo. Akatazama dirishani, kule kwenye bomba lililokauka. Kisha akaishika ndoo kwa mikono yote miwili, nami nikajua sasa anayamwaga, na ndoa yangu inakwenda nayo. Hakumwaga. Aliibeba polepole mpaka kwenye kona ambako hakuna atakayeipiga teke, akaifunika kwa sinia.

"Haya yatakuwa ya chooni," akasema. "Usipoteze hata tone."

Wakati wa kuaga alimwambia Kabula mbele yangu: "Jumamosi nitamleta baba yako aongee na huyu mtu." Nikataka kuruka. Akanigeukia, meno bado na mipaka yake.

"Maji nitabeba ya kwangu."

Kwa hiyo nadhani nimekubaliwa. Lakini nawaomba, kwa urafiki wetu, msicheke. Nasugua meno tangu saa kumi, na bomba bado halijatoa maji.