Kompyuta Zetu Zimeacha Kusalimiana

Kwa Ndugu Mkurugenzi wa Bohari ya Dawa,

Natumaini hujambo. Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo unaniuma. Kwa miaka tisa nimeandika mwongozo wa kurasa 412 unaoifundisha kompyuta ya hospitali namna ya kuiuliza kompyuta yetu kama dawa fulani ipo. Swali hutiwa kwenye bahasha, bahasha hutiwa ndani ya bahasha nyingine, hadi zitimie tano, na juu ya zote hukaa utangulizi. Juzi fundi wetu mpya wa programu, mama mtu mzima mwenye akili zake, alivitupa vyote. Sasa hospitali inaandika anwani fupi ya dawa, na kompyuta yetu inajibu: ipo. Basi!

Malalamiko yangu ni haya:

1. Hilo ni jibu la mkato, la watu walionuniana. Hata ahsante hakuna.

2. Nilipomwita fundi ajieleze, alisema, "Mkuu, si inafanya kazi lakini?" Tangu lini kufanya kazi kukawa sharti? Nimepekua mwongozo mzima, halimo.

3. Ugonjwa huu unaambukiza. Dada wa mapokezi siku hizi ananijibu "ndiyo" tu. Jana mke wangu aliniuliza kama nitakula. Nikiwa bado kwenye utangulizi wa jibu, akaondoa sahani.

4. Wakaguzi wangu sita wa bahasha sasa wanakagua madirisha.

5. Wapo wanaodai njia yangu inachelewesha wagonjwa. Uzushi mtupu! Mama yangu mzazi ana pumu. Dawa yake niliiulizia Jumatatu, kwa bahasha zote halali, na leo Alhamisi hajatoa lalamiko hata moja.

Kwa hiyo naomba bahasha zirudishwe, na fundi apewe onyo lililotiwa ndani ya bahasha tatu.

Wasalimie wote ofisini, pamoja na kompyuta, maana siku hizi haina wa kuisalimia.

Wako mtiifu katika utaratibu,
Mkuu wa Kitengo cha Viwango

Tanbihi: Mama halalamiki kwa sababu pumzi ya kulalamikia hana. Ombi langu lilifika bahasha ya nne, likarudishwa, nilisahau utangulizi. Hivi punde nimemwangukia fundi aulize kwa njia yake. Kompyuta imejibu: ipo. Sijawahi kusoma neno tamu kama hilo. Nakuja mbio kuichukua dawa. Bahasha hii, tafadhali, usiifungue.