Mkanda wa Daktari Waya

Daktari Waya, ambaye udaktari wake aliununua pamoja na koti jeupe, alichungulia dirisha la chumba cha mazoezi ya viungo akajua riziki imemfikia. Ndani, fundi cherehani mstaafu mwenye ugonjwa wa Parkinson alikuwa ameganda mlangoni, miguu haiendi mbele wala nyuma. Mtaalamu wa mazoezi akawasha kimashine cha kupiga mdundo, tik, tik, tik, na mzee akatembea, kila mdundo hatua moja.

Kesho yake Waya alipiga hodi nyumbani kwa fundi na mikanda miwili inayofanana. Mmoja ulikuwa mtupu, wa kumwachia mteja. Wa pili, wa kuonyeshea, ulificha simu yake mwenyewe, ameitegesha ipige mdundo. Kununua mashine yenyewe aliona ni kujitia hasara.

"Mkanda huu unausoma mwili, mama," alimwambia mke wa fundi.

"Utamfikisha sokoni? Miezi saba hajavuka kizingiti hiki bila kushikwa mkono. Yeye ananuna, mimi nanuniwa."

Fundi akafungwa mkanda wenye simu. Tik, tik. Akavuka kizingiti, akarudi, akavuka tena. Machozi yakamtoka, wala hakuyafuta. Aliyeshtuka zaidi ni Waya. Tangu aanze kazi hii, bidhaa yake haijawahi kufanya kazi.

"Nitumie pesa kwa simu, mama," alisema harakaharaka.

Mama akatuma. Kiunoni mwa mumewe pakasikika ting.

Wote watatu waliutazama mkanda.

"Mashine imekubali malipo," Waya akasema.

"Ina akili kweli," mama akajibu, uso mkavu.

"Sasa mzee wangu, uvue kidogo niusajili." Mkono wake mmoja ulikuwa tayari ndani ya begi, umeshika ule mtupu.

"Nikiuvua nitaganda. Na tumeshalipa." Fundi akashika njia, tik, tik, kuelekea sokoni.

Waya angemkwida, lakini majirani walishatoka kumpongeza mzee, na daktari hamkabi mgonjwa wake hadharani. Alikimbilia dukani, akaazima simu ya muuza duka, akapiga namba yake mwenyewe. Iliita mara nne.

"Daktari," sauti ya fundi ikasema, "usipige tena, mwanangu. Ukipiga, mdundo unakatika, na hapa nimeganda katikati ya barabara."

Waya akakata upesi.