Binti wa Baba Daktari Anasomea Nini?

Redio ya Ausi, muuza kahawa, ilikuwa na kawaida ya kukoroma kama mtu aliyeshiba ubwabwa, lakini asubuhi ile ilitamka waziwazi: vijana waliochaguliwa vyuo vikuu wathibitishe nafasi zao leo hii. Atakayechelewa, nafasi yake atapewa mwingine. Ausi akaliweka chini buli la kahawa, akamgeukia Kitwana.

"Baba Daktari, umesikia hilo?"

Kitwana akauma kashata, akaitafuna taratibu kama vile ina mifupa.

Kijiwe chenyewe kipo Bagamoyo mjini, kwenye kibaraza kinachotazamana na kituo cha bajaji. Kitwana, muuza vitambaa, alipachikwa jina la Baba Daktari tangu binti yake Naila alipoanza kufaulu masomo ya sayansi. Alilipenda jina lile mno. Watu walikwisha kuanza kumwonesha vipele vyao, naye alikuwa akiviinamia, anavitazama kwa makini, kisha anasema, "Kunywa maji mengi." Balaa ni kwamba jana Naila alimwambia hakuomba udaktari kamwe. Ameomba kitu kingine, amekipata, na hatathibitisha mpaka apate radhi ya baba. Kitwana akamjibu, "Nitakwambia kesho." Na kesho ndiyo hiyo, imeshakaa naye barazani.

Alidhani habari ile ni ya ndani ya nyumba. Alimsahau Abdulrazak, jirani yake, ambaye hapo kijiweni wanamwita Spika, kwa sababu akinong'ona husikika hadi Mapinga.

"Udaktari umekufa!" Spika alitangaza hata hajakaa. "Naila kamwambia mke wangu. Kachaguliwa kusoma kompyuta na saikolojia. Vyote viwili, digrii moja!"

Macho yote yakamwendea Kitwana. Yeye akayaangusha ya kwake kwenye kikombe.

"Saikolojia ndiyo mnyama gani?" Ausi akauliza.

"Elimu ya akili za watu," alidakia mzee Shuaibu, aitwaye Katiba, kwa kuwa hana neno asilolitungia kifungu. "Wanasoma kwa nini mtu ananuna, kwa nini anapenda, kwa nini anasema uongo."

"Hiyo si kazi ya mawifi?"

"Mawifi hawana cheti."

"Sasa na kompyuta wapi na wapi?"

"Ndipo hapo!" Katiba akavuta kanzu, akakaa sawa. "Kompyuta zimeanza kuchanganyikiwa. Siku hizi ukiiuliza jambo inakuandikia 'natafakari'. Inatafakari nini, kitu cha plastiki? Ina mawazo hiyo! Lazima apatikane mtu wa kuilaza kitandani, aiulize utotoni ilinyimwa nini."

"Wallahi kweli," Spika akaruka. "Kuna ofisi moja nilikwenda, wiki nzima naambiwa mtandao hauamki. Kumbe una sonona, jamani, na sisi tunautukana!"

"Tena tuliutukania mama yake," Ausi akasema kwa majuto.

"Kifungu cha kwanza," Katiba aliinua kidole. "Njia mbili zilimshinda fisi. Kifungu cha pili, nina binamu yangu yuko Msata, alisomea useremala akachanganya na uganga wa mifupa. Leo ukivunjika mguu anakupigilia misumari."

"Toba! Na wanapona?"

"Yeye mzima. Wagonjwa wake ndio sijawasikia."

"Acha kutisha watu, Katiba. Kidole kimoja hakivunji chawa."

"Chawa anataka digrii, Spika?"

Kicheko kikapasuka. Kitwana naye alicheka, lakini kicheko chake kilikuwa cha mtu anayekanyagwa mguu. Aliona kabisa jinsi mambo yatakavyokuwa: kila atakapopita mtaani, atasikia watu wakiulizia hali ya kompyuta, imelala vizuri, imekula? Akaamua. Ataondoka sasa hivi, atamwambia binti aiache nafasi ile, asubiri mwaka kesho, aombe udaktari kama watoto wenye adabu. Akasimama, akakung'uta makombo ya kashata.

Kugeuka, Naila huyo hapo.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu," wakaitika wote, kwa upole wa watu waliokuwa wakimsengenya.

"Baba, nimefuata jibu langu. Siku inakwenda."

Kitwana akafungua mdomo, Katiba akamtangulia. "Ngoja kwanza! Hakimu hahukumu bila ushahidi. Bibie, kijiwe kina mgonjwa. Spika, toa simu yako."

Spika akaitoa kwa kusitasita. "Simu yangu ina jini, Naila. Kila nikiandika 'mke wangu', inanong'oneza yenyewe neno linalofuata: 'nisamehe'. Sijaligusa! Juzi nilitaka kuandika 'mke wangu nunua nazi', ikaenda 'mke wangu nisamehe nazi'. Mke wangu Wahida mpaka leo ananihoji nazi nimeifanya nini."

Naila akaishika simu, akaitazama, akabana kicheko. "Ami, hii haina jini. Imekuzoea. Inakumbuka maneno unayoyafuatanisha kila mara, ikiona umeanza inakumalizia."

"Una maana gani?"

"Kompyuta inajua umeomba msamaha mara nyingi. Saikolojia inataka kujua umefanya nini."

Ausi alilazimika kushika nguzo asianguke. Spika akainyakua simu yake akaifutika kibindoni.

Kitwana hakucheka. Alikuwa akimtazama mtoto wake kama mtu aliyeingia chumba cha nyumba yake mwenyewe asichokijua. "Kwa nini hukuniambia mapema?"

"Niliogopa, baba. Kila nikija kukwambia, nakukuta umeinamia vipele vya watu."

"Na hayo mambo mawili umeyatoa wapi?"

"Kwa bibi."

Kisa cha Bi Chausiku, mama yake Kitwana, kila mtu alikijua. Laini yake ya simu ilifungwa. Akapiga kwa kampuni ya simu kuomba ifunguliwe, ikapokea sauti ya mashine: bonyeza moja, bonyeza mbili. Bi Chausiku akasema, mtoto wa watu, hujaniamkia, unaanza kunituma? Akakata. Akirudia, yaleyale, hakuna shikamoo. Akaapa kwamba hatambonyezea mtu asiye na malezi. Laini ikabaki imefungwa, mpaka kaka yake Kitwana aliyeko Pangani, kwa kumkosa mama hewani, akaamini kwamba amefariki: akaja na sanda, na mchele wa matanga, na gari la waombolezaji, wakamkuta marehemu uani anakula muhogo. Mji mzima ulicheka. Kitwana mwenyewe alikisimulia barazani hapo mpaka machozi yakamtoka.

"Nyie mlicheka," Naila alisema. "Mimi nilimkuta bibi chumbani analia. Alinambia, wameniletea sanda kwa sababu siwezi kubonyeza. Nikawaza, aliyetengeneza ile sauti anaijua mashine, lakini hamjui bibi. Mimi nataka kuwajua wote wawili."

Kitwana alikaa chini. Hakujua kwamba mama yake alilia. Alikumbuka namna alivyoiigiza sauti yake mbele ya watu hawa hawa, akakisukuma kikombe kando. Aliposema, alisema polepole, bila kumtazama Katiba wala Spika.

"Nenda kathibitishe, mwanangu. Radhi yangu unayo. Na wakikuuliza baba yako kasemaje, waambie kasema vyote viwili."

Naila akauinamia mkono wa babake, akaubusu, akaanza kuondoka mbio.

"Hebu rudi!" Katiba akaita, hasira zimempanda kwa kuona kesi imeisha bila hukumu yake. "Swali moja la mwisho. Hiyo saikolojia yako inatibu ubishi?"

Naila akageuka. "Inatibu, babu. Ila mgonjwa lazima kwanza akubali kuwa ni mbishi."

"Mbishi nani? Mimi? Sijawahi kubisha hata siku moja!"

"Unabisha sasa hivi," Ausi akamwambia.

"Sibishi!"

"Si huko ndiko kubisha?"

"Hapana! Na hilo nalipinga kwa vifungu vitatu!"

Akavitoa vyote vitatu, akaongeza cha nne. Alipofika cha tano kibaraza kilikuwa kitupu, Ausi keshaondoka na buli lake, na Katiba alikuwa akimweleza dereva wa bajaji aliyejisimamia tu kusubiri abiria.